Mapitio ya BALLI: hojaji ya kauli 34 isiyotaka kujumlishwa

BALLI (Beliefs About Language Learning Inventory) ni hojaji ya kauli 34 inayomuuliza mwanafunzi anaamini nini kuhusu kujifunza lugha ya kigeni. Kuna watu waliozaliwa na kipaji cha lugha? Sarufi ndiyo kila kitu? Mtu asubiri mpaka aweze kusema sawasawa ndipo afungue kinywa? Aliyeitunga ni Elaine Horwitz wa Chuo Kikuu cha Texas, Austin, miaka ya 1980, na hadi leo ndiyo hojaji ya kwanza kukimbiliwa na mhadhiri au mwanafunzi wa uzamili anayetaka kupima imani za wanafunzi wa chuo. Haiuzwi kama mitihani ya kimataifa ya lugha inavyouzwa. Kauli zimechapishwa, unaomba ruhusa kwa mtunzi, unamtaja katika kazi yako, unaendelea.

Tuseme mapema: kwa kazi moja ni chombo kizuri, kwa nyingine ni kibovu. Inakuonyesha, kauli kwa kauli, darasa limeingia na mawazo gani kichwani. Haikupi alama ya mwanafunzi. Hakuna kitu kinachoitwa "amepata 112 kati ya 170", na Horwitz hakuitunga ijumlishwe. Hata hivyo tasnifu zinazojumlisha haziishi, na nyingi zinaharibikia hapo hapo, kabla hata ya kufika kwenye tafsiri mbovu, ambayo ni kidonda cha pili.

Uzuri wake unatokana na jinsi ilivyotengenezwa. Horwitz hakukaa mezani akabuni kauli. Alianza na walimu 25 wa lugha, akawataka waandike yale ambayo watu huamini kuhusu kujifunza lugha. Akaongezea yaliyotoka kwenye mazungumzo na wanafunzi. Akawaonyesha walimu wengine wa fani hiyo. Kisha akaijaribu kwa wanafunzi 150 wa muhula wa kwanza chuoni kwake. Ndiyo maana kauli zake zinasikika kama maneno ya watu kwenye korido: watoto hushika lugha upesi kuliko watu wazima, wanawake hujifunza lugha vizuri kuliko wanaume, mtu wa hesabu hawezi lugha. Mwanafunzi akizisoma anazitambua, hajiulizi swali linataka nini. Ubaya unatoka kwenye chungu hicho hicho. Hayo ni maneno ya korido za Texas, kwa watu ambao wengi wao walikulia kwenye lugha moja tu.

Kuna matoleo zaidi ya moja, na kuyachanganya ni kosa la kawaida. La walimu lina kauli 27. Ya wanafunzi yana kauli 34, moja kwa Wamarekani wanaojifunza lugha za kigeni, jingine kwa watu wa mataifa mengine wanaojifunza Kiingereza. Mpangilio wa kauli haulingani kila mahali, kwa hiyo ukiandika kwenye ripoti yako "kauli ya 14" bila kusema ya toleo lipi, msomaji atafungua kauli nyingine kabisa. Andika kauli yenyewe. Baadaye Horwitz alitoa toleo jipya, BALLI 2.0, na anayeanza leo bila haja ya kujilinganisha na tafiti za zamani alitazame hilo kwanza, maana la zamani bado lina mambo ya kaseti na maabara ya lugha. Mwanafunzi aliyezaliwa baada ya 2000 hukubali kwamba kaseti ni muhimu kwa adabu tu.

Kauli zimegawanywa mafungu matano: ugumu wa lugha, kipaji, kujifunza lugha ni kazi ya namna gani, mbinu za kujifunza na kuwasiliana, na motisha pamoja na matarajio. Karibu zote hujibiwa kwa ngazi tano, kuanzia kukubali kabisa hadi kukataa kabisa. Mbili zina majibu yake zenyewe. Ya kwanza inataka mwanafunzi aseme lugha anayojifunza ni ngumu au rahisi kiasi gani. Ya pili inauliza mtu akijifunza kwa saa moja kila siku, itamchukua muda gani mpaka azungumze vizuri sana: chini ya mwaka mmoja, mwaka 1 hadi 2, miaka 3 hadi 5, miaka 5 hadi 10, au haiwezekani kwa saa moja kwa siku. Kauli hizi mbili zisiingizwe kwenye hesabu moja na zile 32. Kama ni kuchagua kauli moja tu ya kubaki nayo kati ya zote, tungechagua hii ya muda, kwa sababu inayojitokeza baadaye kinywani mwa mwanafunzi aliyekata tamaa ndiyo hii: "Nimesoma mwaka mzima na bado siwezi kuongea."

Sasa tafsiri. Watafiti wengi wa Tanzania na Kenya huigawa kwa Kiingereza kama ilivyo. Tatizo ni kwamba mwanafunzi anayeyumba kwenye Kiingereza atakupa jibu lililochanganyika, nusu imani yake, nusu alivyoielewa sentensi. Wanaoitafsiri nao hujikwaa kwenye mashimo yale yale, na machache yanafaa kutazamwa kwa karibu.

Shimo la kwanza ni hiyo saa moja. Andika "mtu akijifunza lugha saa moja kila siku" na utapata wasomaji wawili. Mmoja anaelewa dakika sitini. Mwingine anamwona mtu anayeamka alfajiri au anayekaa na daftari baada ya magharibi, maana saa moja kwetu ni wakati pia. Katika sentensi ya kawaida muktadha hutuokoa. Katika hojaji, ambako kauli zinasomwa mbio mbio, hautuokoi kila mara. Andika "dakika 60 kwa siku", shimo limefukiwa.

La pili ni neno la kukisia. Kauli ya asili inasema si vibaya kukisia neno usilolijua. Watafsiri wengi huweka "kubahatisha". Kwa mwanafunzi wa chuo, kubahatisha ni kile anachofanya kwenye swali la kuchagua asilolisoma, au kule kwenye mikeka ya mpira. Atakataa hata kama kila siku anakisia maana za maneno akisoma. "Kukisia" halina doa hilo. Ukiongeza "kutokana na maneno yaliyolizunguka" unaisaidia kauli kueleweka, ila umeshaibadilisha, na ni lazima useme hivyo kwenye ripoti.

"Uwezo maalumu" nalo liache. Kauli mbili zinagusa suala hili, moja ikisema baadhi ya watu wamejaliwa, nyingine ikimtaka mwanafunzi aseme kama yeye mwenyewe amejaliwa. Neno "maalumu" kwenye mazingira ya elimu limeshakaa karibu mno na "mahitaji maalumu". Kipaji linatosha. Vivyo hivyo kwa matamshi: ukisema "lafudhi nzuri" unauliza kama mtu afanane na Mfaransa au Mchina anapoongea, ukisema "matamshi sahihi" unauliza kama asikosee sauti. Mwanafunzi anaweza kulikubali la pili na kulicheka la kwanza. Kauli ya Horwitz inataka matamshi bora sana, kwa hiyo "matamshi mazuri sana" iko karibu zaidi kuliko yote mawili.

Kisha ukanushi. Kuna kauli isemayo usizungumze mpaka uweze kusema sawasawa. Ukiitafsiri "Haifai kusema chochote kwa lugha ya kigeni mpaka uweze kukisema sawasawa", mwanafunzi asiyekubali anatakiwa afikiri: sikubali kwamba haifai, yaani inafaa. Wengine hupotea njiani wakatia tiki upande usio wao. Dalili yake utaiona kwenye data: mtu huyo huyo amekubali kwamba makosa hayana neno kwa anayeanza, na hapo hapo amekubali kwamba mtu asifungue kinywa. Igeuze iwe "Mtu asubiri mpaka aweze kusema sawasawa ndipo aseme." Maana ni ile ile, fundo limefunguka.

Neno "imani" lenyewe lisiwe kichwa cha karatasi. Ukiandika "Hojaji ya imani za wanafunzi" juu, wa kwanza kuuliza atauliza kama ni mambo ya dini, na hana kosa. "Maoni yako kuhusu kujifunza lugha" inafanya kazi hiyo kwa amani. Na ile ngazi ya katikati: "sina uhakika" si sawa na "sikubali wala sikatai". Wa kwanza hajui. Wa pili anajua na amesimama katikati. Amua unataka kipi, na usiandike moja kwenye karatasi na jingine kwenye simu.

Limebaki suala la "lugha ya kigeni". Ni ipi hiyo? Kwa mwanafunzi wa Kichina au Kifaransa pale Dar es Salaam au Nairobi jibu liko wazi. Kwa Kiingereza si wazi hata kidogo, kwa sababu mtu aliyefundishwa kwacho tangu kidato cha kwanza, na Kenya tangu mapema zaidi, hakioni kama kitu cha kujifunza, anakiona kama hewa ya darasani, hata kama inambana. Kwa Kiswahili ni vile vile ukivuka mipaka: Rwanda ilikifanya lugha rasmi mwaka 2017, na mwanafunzi wa Kigali anayekisikia sokoni hatajibu kama mwanafunzi wa Wisconsin anayekikuta kwa mara ya kwanza. Dawa ni kutaja lugha kwa jina kila mahali ambapo kauli ya asili inasema "lugha hii", na kuacha "lugha ya kigeni" pale tu kauli inapozungumzia lugha kwa ujumla. Na badala ya "wazawa wa lugha", ambalo nusu ya darasa hulisoma kama wazawa wa nchi, andika "watu ambao Kichina ni lugha yao ya kwanza".

Utaratibu wa tafsiri usipunguzwe. Watafsiri wawili, kila mmoja kivyake, kikao cha kupatanisha, mtu wa tatu ambaye hajaiona ya asili anairudisha kwa Kiingereza, mnalinganisha. Halafu hatua ambayo wengi huiruka: kaa na wanafunzi watano hadi wanane, mmoja mmoja, asome kila kauli na aseme kwa maneno yake inauliza nini. Kila shimo tulilolitaja hapo juu huonekana ndani ya mahojiano mawili ya kwanza. Urudishaji wa tafsiri peke yake haulioni la saa moja, kwa sababu mtafsiri aliyezoea ataandika vizuri tu kwa Kiingereza kile alichodhani ulikusudia.

Kuigawa ni kazi nyepesi. Dakika 10 hadi 15 zinatosha, karatasi kurasa mbili, au fomu ya simu ikiwa mtandao wa chuo haukati. Wakati wake ni wiki ya kwanza au ya pili ya muhula, kabla mwalimu hajawaambia wanafunzi yeye anaamini nini, maana baada ya hapo unapima usikivu wao. Asigawe mwalimu wa somo. Akigawa yeye, kauli kama ile ya kufurahia mazoezi ya kuzungumza zitajaa tiki za heshima. Kwenye fomu ya simu usilazimishe kila swali lijibiwe. Mtu anayelazimishwa hubonyeza katikati ili apite, na hutaweza kumtofautisha na aliyesimama katikati kwa hiari yake. Kama unataka kupima tena mwisho wa muhula, wape namba ya siri wanayoweza kuikumbuka bila kuiandika, mfano herufi mbili za kwanza za jina la mama na tarakimu mbili za mwisho za simu. Majina ya watu usiyachukue. Sheria za ulinzi wa taarifa binafsi zipo, Kenya tangu 2019 na Tanzania tangu 2022, na kibali cha utafiti (cha NACOSTI kwa Kenya, cha COSTECH kwa Tanzania) kiombwe mapema kuliko unavyodhani.

Kwa nini basi isijumlishwe? Chukua kauli tatu: watoto hujifunza kwa urahisi zaidi, nitapata kazi nzuri nikijua lugha hii, sehemu kubwa ya kujifunza lugha ni sarufi. Anayekubali zote tatu ana nini kingi? Hana "imani nyingi". Kauli hizi hazivuti kamba moja, na kujumlisha namba zake ni kama kujumlisha kilo na lita kisha kutafuta wastani. Ndiyo sababu Alfa ya Cronbach ya hojaji nzima, namba ya kuonyesha kauli zinavyoandamana kana kwamba zinapima kitu kimoja, ambayo wasimamizi wa tasnifu huidai kama hati ya kusafiria, haikuambii kitu cha maana hapa. Ikitoka ndogo, si kwamba hojaji ni mbovu. Ilipaswa itoke hivyo. Anayetaka kuonyesha uthabiti awape wanafunzi wale wale hojaji hiyo hiyo baada ya wiki mbili, aangalie kauli kwa kauli wangapi wamebaki pale pale.

Wastani wa kauli moja nao unadanganya. Darasa la watu 30, 15 wanakubali kabisa kwamba tafsiri ndiyo njia na 15 wanakataa kabisa: wastani ni 3.0. Darasa jingine la watu 30, wote wako katikati: wastani ni 3.0. La kwanza ni darasa litakalogombana na mwalimu kila wiki, la pili halina habari. Toa asilimia za ngazi zote tano, au unganisha mbili za kila upande ubaki na tatu, na usiringe na desimali. Kwa watu 30, mwanafunzi mmoja ni asilimia 3.3. Ukiandika kwamba wa Kifaransa wamewazidi wa Kichina kwa asilimia 7, umesema watu wawili.

Kosa jingine la namba ni mwelekeo wa ngazi. Katika hojaji ya awali 1 ni kukubali kabisa na 5 ni kukataa kabisa. Watafiti wengi waliofuata wamegeuza, kwa kuwa watu wengi huona namba kubwa ndiyo kukubali. Ukichukua wastani wa 4.2 kutoka jedwali la mwingine bila kusoma maelezo ya chini, unaweza kuripoti kinyume cha kile wanafunzi wake walichosema.

Na ukilinganisha makundi mawili kwa kauli zote 34 kwa kiwango cha 0.05 (yaani umekubali kudanganywa na bahati mara 5 kati ya 100), tegemea moja au mbili zionekane tofauti kwa bahati tu, kwa kuwa 34 mara 0.05 ni 1.7. Ama punguza kiwango hadi 0.05 gawanya kwa 34, yaani karibu 0.0015, ama chagua kabla ya kukusanya data kauli sita au saba zenye hoja, ulinganishe hizo. Njia ya pili ni bora, na inakulazimisha ufikiri mapema.

Uchanganuzi wa fakta, ile hesabu ambayo kompyuta huzipanga kauli kwenye mafungu kulingana na zinavyoandamana, unawezekana kama una watu wa kutosha. Kanuni ya kawaida ya watu watano hadi kumi kwa kila kauli inakupeleka kwenye watu 160 hadi 320 kwa zile kauli 32. Mtafiti Yang alipofanya hivyo Taiwan kwa wanafunzi 505 wa Kiingereza, matokeo aliyoyachapisha mwaka 1999, alipata mafungu manne, na si yale matano ya Horwitz. Korea na Malaysia nako watafiti walipata mafungu yao. Hii haina aibu. Mafungu matano yalipangwa kwa mantiki, kama vichwa vya sura. Hayakutoka kwenye hesabu. Kinachokera ni tasnifu inayotoa wastani wa kila fungu kana kwamba ni kipimo kilichothibitishwa, kwa darasa la watu 42.

Hojaji inapotumiwa vizuri inafichua mambo. Katika makala yake ya 1988 Horwitz aliwachunguza wanafunzi wa muhula wa kwanza wa Kihispania 98, Kijerumani 80 na Kifaransa 63. Sehemu isiyo ndogo yao waliamini kwamba miaka miwili au pungufu, kwa saa moja kwa siku, inatosha kuongea vizuri sana. Miaka ya 1990 Patricia Kuntz wa Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison aliipeleka kauli kama hizi kwa wanafunzi wa Kiarabu na wa Kiswahili nchini Marekani, na pia aliikosoa hojaji yenyewe kwa jinsi ilivyojengwa. Kwa msomaji wa Kiswahili hizo ni kazi za kutafutwa, kwa sababu kwa mara moja sisi ndio "lugha ya kigeni", na kauli ya kama lugha ni ngumu au rahisi inajibiwa kutoka upande wa pili wa dirisha.

Kuna vipimo vya nje vya kuyapima majibu hayo. Chuo cha wanadiplomasia wa Marekani, FSI, hukadiria kwamba mzungumzaji wa Kiingereza huhitaji takriban wiki 36 za masomo ya kutwa, saa 900 hivi za darasani, kukifikia Kiswahili cha kazi, na wiki 88, saa 2,200, kwa Kiarabu. Kwa saa moja kila siku bila kukosa hata sikukuu, saa 900 ni karibu miaka miwili na nusu. Saa 2,200 ni miaka sita. Na hao ni watu wazima waliochaguliwa, wenye madarasa madogo na mshahara juu yake. Kwa hiyo jibu la "mwaka 1 hadi 2" si upumbavu kwa Kiswahili, ni matumaini ya kupitiliza kidogo. Kwa Kiarabu ni ndoto. Hojaji haikuambii tofauti hii. Ni lazima uijue wewe unayesoma majibu.

Mahali ambapo BALLI inapwaya zaidi kwetu ni kwenye lugha nyingi. Kauli kwamba anayejua zaidi ya lugha moja ana akili sana inamgawanya vizuri Mmarekani. Mwanafunzi wa Mwanza aliyekuja chuoni na Kisukuma, Kiswahili na Kiingereza anaisoma anacheka, au anajipongeza. Jibu lake halikuambii anaamini nini kuhusu Kichina anachoanza Jumatatu. Kauli ya kwamba anayejua lugha moja ya kigeni hujifunza nyingine kwa urahisi nayo hujaza upande mmoja mpaka haibaki nafasi ya kutofautisha mtu na mtu. Usizifute, kwa ajili ya kulinganisha, ila usizijengee hoja. Ongeza zako mbili au tatu mwishoni, zikiwa zimetengwa: kama lugha ya nyumbani inasaidia au inaharibu, kama kuchanganya lugha darasani ni kosa, kama lugha inajifunzwa kwa mwalimu au kwa video za simu. Hayo ndiyo yanayobishaniwa hosteli.

Kukuambia kwa nini, haiwezi. Mwanafunzi aliyekataa kwamba kila mtu anaweza kujifunza lugha ya kigeni anaweza kuwa amejifikiria mwenyewe, au mdogo wake aliyefeli, au mwalimu wake wa Kifaransa wa sekondari. Watafiti wa baadaye, Ana Maria Barcelos akiwa mmoja wao, walisisitiza jambo hili: imani hukaa ndani ya mazingira, haikai kwenye tiki. Ongezea mahojiano ya dakika 20 na watu sita waliochaguliwa kwa majibu yao kuhusu muda, wawili waliosema chini ya mwaka, wawili wa katikati, wawili waliosema haiwezekani. Weka karatasi mezani, onyesha tiki, uliza: "Ulipoweka hapa ulikuwa unamfikiria nani?" Swali hilo hutoa zaidi ya kauli kumi.

Ukipima tena mwisho wa muhula, usiangalie asilimia za darasa tu. Watu kumi wakihama kutoka kukubali kwenda kukataa, na kumi wengine wakihama kinyume chake, jedwali lako litasema hakuna kilichobadilika. Zile namba za siri ndizo zitakazokuonyesha watu ishirini waliogeuka. Na wape walimu kauli zile zile wajibu wao, kisha uwaulize wanadhani darasa limejibu nini. Pengo kati ya dhana ya mwalimu na majibu ya darasa mara nyingi ndilo tokeo la maana kuliko yote, na halihitaji hesabu yoyote zaidi ya kutoa.

Kwa mhadhiri asiyeandika tasnifu, ambaye anataka tu kujua anafundisha nani, kauli zote 34 ni nyingi. Chukua nane: ugumu wa lugha, muda, kipaji changu, kusubiri mpaka niwe sahihi, makosa ya anayeanza, sarufi, tafsiri, na aibu ya kuongea na watu wengine. Karatasi nusu, dakika nne. Wiki ya tatu chora majibu ya kauli ya muda ubaoni, kisha uwape hesabu: wiki 15 za muhula kwa saa 4 ni saa 60. Mihula miwili kwa mwaka ni saa 120. Kama ni darasa la Kiswahili, waache wagawe wenyewe zile saa 900 za FSI kwa 120, wapate miaka saba na nusu, halafu uliza nani ana mpango wa kusoma nje ya darasa na kwa dakika ngapi.